Miaka miwili na lenzi za MiYOSMART: nilichokiona kwenye macho ya binti yangu

Kaka yangu mkubwa alikuwa anaendesha daladala Unguja, ya Mwanakwerekwe. Tangu skuli ya msingi alivaa miwani nene, na namba yake ya kutoona mbali ilipanda mpaka ikafika hasi 11. Asubuhi moja, akiwa na miaka 43, alianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho la kulia, kama radi inayopiga mbali baharini. Akadhani ni uchovu. Siku ya tatu pazia jeusi likashuka kutoka juu ya jicho na halikupanda tena. Retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha, ilikuwa imebanduka. Alipasuliwa, lakini mpaka leo jicho lile linahesabu vidole tu, na daladala ameiacha.

Naanza na yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa akinijia kichwani kila nilipompeleka binti yangu Nunu kupimwa macho hapa Leicester, Uingereza, na kuambiwa namba imepanda. Mimi mwenyewe navaa hasi 6.50 na baba yake hasi 3. Mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawaoni mbali yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kufuata njia hiyohiyo. Hilo nimekuja kulijua baadaye, na nimelijua kwa kuuliza.

Ninachokihakiki hapa ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: lenzi za MiYOSMART, ambazo ni lenzi za miwani za kupunguza kasi ya namba ya mtoto kupanda na Nunu amezivaa tangu Oktoba 2023, na huduma ya duka dogo la macho lililompa lenzi hizo na linaloendelea kumfuatilia. Duka sitalitaja jina. Huduma ya namna hii inatolewa na maduka mengi Uingereza, na ninachotaka mzazi mwenzangu aondoke nacho ni kujua aulize nini akishaingia mlangoni, duka lolote liwe.

Kwanza nieleze tulikotoka. Septemba 2021, Nunu ana miaka sita, mwalimu wake alituambia anakodoa macho akitazama ubao. Tukaenda duka moja la miwani mjini. Hasi 0.75. Mwaka uliofuata, hasi 1.50. Julai 2023, hasi 2.50. Kila safari ilikuwa dakika kumi na tano, fremu mpya, tuonane mwakani. Mara ya tatu nilimuuliza yule mpima macho: hili jambo halina breki? Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mtoto anakua na macho yanakua naye, hakuna la kufanya ila kubadilisha miwani. Nilitoka pale nimemshika mwanangu mkono, na njia nzima namfikiria kaka.

Jibu lile lilinisononesha zaidi nilipogundua kwamba halikuwa sahihi. Mwaka 2021, mwaka uleule Nunu alipopata miwani ya kwanza, World Council of Optometry, chombo kinachowaunganisha wapima macho duniani, kilipitisha azimio kwamba kudhibiti mayopia, yaani kutoona mbali, kwa watoto kuwe sehemu ya huduma ya kawaida. Maana yake ni kwamba mpima macho amweleze mzazi namna ya kupunguza uwezekano wa tatizo, apime kwa utaratibu namna linavyokwenda, na atoe njia za kulipunguza kasi. Kuandika namba na kuuza fremu hakutoshi. Mimi nilipewa namba na fremu kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili jicho la mwanangu lilirefuka bila ya mtu kulipima.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja tunayekutana naye chuoni, wakati tunasubiri watoto wamalize Kurani. Mwanawe alikuwa na miwani ambayo ukiitazama kwa upande, juani, unaona alama kama sega la nyuki. Nikamuuliza. Akanipa anwani.

Duka lenyewe ni la familia ya Wahindi wa Uganda, wale waliofika Leicester mwaka 1972 walipofukuzwa na Amin. Bibi anayepokea wateja alizaliwa Kampala, na aliposikia jina langu akanikaribisha kwa Kiswahili. Bintiye ndiye optometrista, yaani mpima macho. Nakiri kwamba kile Kiswahili kilinituliza, lakini kilichonifanya nibaki ni kile kipimo cha kwanza, kilichochukua saa moja na robo.

Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Namba yangu ni ngapi, ya baba yake ni ngapi, ilianza tukiwa na umri gani? Nunu anakaa nje muda gani kwa siku? Anasoma kitabu kwa umbali gani? Akamwambia Nunu asome kidogo hapo hapo, akachukua rula akapima: sentimita 17 kutoka jicho hadi ukurasa. Nilishtuka, maana mimi ninayekaa naye kila siku sikuwahi kuona kama ni karibu vile.

Kisha akamtia matone ya cyclopentolate. Hili nawaomba sana wazazi mlizingatie. Jicho la mtoto lina msuli wenye nguvu unaobana lenzi ya ndani ili aone karibu, na akipimwa bila kuulegeza msuli huo namba inaweza kutoka kubwa kuliko ilivyo. Matone yanaulegeza. Yanawasha kidogo, tukasubiri kama dakika 40 Nunu akichora, mboni zikapanuka, na jioni ile mwanga ulimsumbua na maandishi ya karibu yalikuwa ukungu. Lakini kipimo cha kweli kilitoka: hasi 2.25, si 2.50 tuliyouziwa miezi mitatu kabla.

Baada ya hapo akamkalisha mbele ya mashine inayopima urefu wa jicho, kutoka kioo cha mbele mpaka retina. Haigusi jicho wala haiumi, na inamaliza kwa sekunde chache. Jicho la kulia milimita 24.02, la kushoto 23.97. Akanichorea. Jicho, alisema, ni kama chumba chenye dirisha mbele na ukuta nyuma, na picha inatakiwa itue ukutani. Kwa Nunu ukuta unarudi nyuma haraka kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo picha inatua kabla haijaufikia. Miwani ya kawaida inaisogeza picha mpaka ukutani na mtoto anaona vizuri, lakini ukuta unaendelea kurudi. Na kadiri jicho linavyorefuka ndivyo retina inavyovutwa na kuwa nyembamba. Likipita milimita 26 hatari ya kuja kupoteza uoni ukubwani inapanda sana. Pale ndipo nilipoelewa kilichompata kaka. Haikuwa bahati mbaya ya asubuhi moja. Jicho lake lilikuwa linavutwa tangu utotoni.

Sasa lenzi zenyewe. Zilibuniwa na Hong Kong Polytechnic University pamoja na kampuni ya Hoya, na teknolojia yake inaitwa DIMS. Katikati ya lenzi kuna eneo safi la kama milimita tisa, ambalo mtoto anatazamia mbali na karibu kwa namba yake kamili. Kulizunguka eneo hilo kuna vijilenzi vidogo kama 400, kila kimoja upana wake kama milimita moja, vilivyopangwa mithili ya sega. Kila kijilenzi kina nguvu ya chanya 3.50 juu ya namba ya mtoto. Kazi yake ni kuitua sehemu ya mwanga mbele ya ukuta badala ya nyuma yake, na inaaminika jicho linaisoma ishara hiyo kama amri ya kupunguza kukua. Wakati huohuo mtoto anaona vizuri kupitia katikati na kupitia nafasi zilizo baina ya vijilenzi.

Jaribio lao lilifanyika Hong Kong kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, na watoto 160 walilimaliza. Kwa miaka miwili nusu walivaa DIMS na nusu miwani ya kawaida, bila ya mtoto kujua kavaa ipi. Wale wa DIMS namba yao ilipanda polepole kwa asilimia 52 kuliko wenzao, na jicho lilirefuka polepole kwa asilimia 62. Baadhi yao, kama mmoja kati ya watano, hawakupanda kabisa. Yule optometrista alinisomea hayo kisha akaniambia neno ambalo lilinifanya nimwamini: huo ni wastani, na sikuahidi kwamba Nunu atakuwa kwenye wastani. Wapo wanaofaidika zaidi na wapo wanaofaidika kidogo, ndiyo maana tutampima kila baada ya miezi sita.

Alinitajia na njia nyingine. Lenzi za Stellest za kampuni ya Essilor zinafanya kazi kwa wazo linalokaribiana na hili, vijilenzi 1,021 kwenye duara 11. Walio Marekani wajue kwamba hizo zilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya huko, FDA, Septemba 2025, na ndizo za kwanza za miwani kuruhusiwa kwao kwa kazi hii. Ipo lenzi ya kuvaa jichoni na kutupa kila jioni, MiSight, ambayo FDA iliipitisha Novemba 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Nunu alikuwa na miaka minane na hakutaka kusikia habari ya kujitia kitu jichoni, kwa hiyo tulichagua miwani.

Na hapa ndipo tulipokosea, mimi na duka pamoja. Nilimwachia Nunu achague fremu mwenyewe, akachagua ya plastiki rangi ya waridi, nzuri kweli. Lakini fremu nyingi za plastiki zimetengenezwa kwa pua zilizoinuka juu, na pua ya mwanangu ni ya kwetu, daraja lake limelala. Miwani ikawa inateleza. Baada ya wiki tatu niliona picha aliyopigwa skuli: anatazama juu ya fremu, lenzi zote zimeshuka mpaka mashavuni. Kwa miwani ya kawaida hilo ni kero tu. Kwa lenzi hizi ni hasara, kwa sababu lile eneo safi la milimita tisa lazima likae mbele ya mboni sawasawa. Likishuka, mtoto anatazama kupitia vijilenzi au kupitia juu ya miwani kabisa, na huko hakuna tiba.

Nilirudi nimekasirika, na sikuficha. Walikubali kosa bila kubishana na hawakunitoza. Fundi wa fremu alimkalisha Nunu, akamtafutia fremu ya chuma nyepesi yenye vikalio vya pua vinavyopindika, akavibana kwa koleo ndogo mpaka vikashika. Akamwambia atazame puani kwake yeye fundi, akachukua kalamu, akatia nukta kwenye lenzi ya mfano mbele ya kila mboni. Akamwambia asimame, atembee, akae, atikise kichwa, kisha akatazama tena kama nukta bado ziko pale pale. Mara mbili alifuta akatia upya. Kitu hicho kingefanyika siku ya kwanza kingetuokolea mwezi mzima. Mzazi wa mtoto mwenye pua kama zetu, fremu ndiyo ushughulike nayo kwanza kabla ya rangi.

Siku za mwanzo na lenzi zilizokaa sawa, Nunu alisema pembeni kuna ukungu, hasa akizungusha macho bila kugeuza kichwa. Ndivyo zilivyotengenezwa. Tuliambiwa awe mwangalifu kwenye ngazi kwa siku chache, na kwamba atajifunza kugeuza kichwa. Ilichukua kama wiki. Siku ya kumi nilimuuliza tena kuhusu ukungu, akaniuliza ukungu gani.

Kuhusu fedha nitasema wazi, maana watu wengi wananiuliza kimyakimya. NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, inalipia kipimo cha macho cha mtoto aliye chini ya miaka 16 na inatoa vocha ya miwani, lakini huduma hii ya kupunguza kasi haimo. Sisi tunalipa pauni 32 kila mwezi. Ndani yake mna lenzi, vipimo viwili kwa mwaka pamoja na urefu wa jicho, na kubadilishiwa lenzi namba ikipanda. Mimi nafanya kazi ya kulea wazee, zamu za usiku, na pauni 32 naziona zikitoka. Ningeambiwa nilipe hizo kwa ajili ya lenzi tu nisingekubali. Ninachokilipia ni kile kipimo cha kila miezi sita, kwa sababu bila ya kipimo singejua kama fedha zinafanya kazi au zinapotea.

Na vipimo vimesema. Oktoba 2023, milimita 24.02. Aprili 2024, 24.12. Nilivunjika moyo, sehemu moja ya kumi ya milimita kwa miezi sita tu. Akanionesha kwamba macho ya watoto hurefuka zaidi majira ya baridi kuliko ya joto, na akasema tusihukumu kwa nusu mwaka. Oktoba 2024, 24.15. Aprili 2025, 24.25. Oktoba 2025, 24.28. Kwa miaka miwili jicho la kulia limerefuka milimita 0.26. Hata mtoto mwenye macho mazima, katika umri huo, jicho lake linarefuka kama milimita 0.1 kwa mwaka, kwa hiyo Nunu hayuko mbali na mwendo wa kawaida. Namba imetoka hasi 2.25 mpaka hasi 2.75. Nusu kwa miaka miwili, wakati zamani alikuwa anapanda robo tatu hadi moja nzima kila mwaka. Najua kwamba kasi hupungua yenyewe mtoto anavyokua, na optometrista alinikumbusha hilo kabla sijamshukuru. Bado nashukuru.

Katika ile baridi ya pili kulikuwa na kisa. Nunu aliangukiwa na mpira, fremu ikavunjika. Lenzi mpya zilichukua karibu wiki tatu kufika, na kwa wiki hizo alivaa miwani yake ya zamani ya kawaida. Hakuna aliyenieleza mapema kwamba lenzi hizi hazikai dukani, zinaagizwa kwa kila mtoto. Nalalamikia hilo. Waweke kwenye karatasi ya kwanza kabisa anayopewa mzazi. Na jambo lingine: miadi yao yote ni siku za kazi, kabla ya saa kumi na moja jioni. Mara tatu nimemtoa mtoto skuli, na mara zote tatu nilikuwa nimetoka zamu bila ya kulala.

Lakini sehemu ya huduma hii iliyobadilisha maisha ya nyumbani kwetu haina bei. Ni ile karatasi moja aliyotuandikia kwa mkono: nje saa mbili kila siku.

Alinieleza kuhusu skuli za Guangzhou, China. Katika skuli 12, nusu yake waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, kwenye skuli ambazo hazikubadilisha kitu asilimia 39.5 ya watoto walikuwa wamepata mayopia. Kwenye zile za dakika 40 ilikuwa asilimia 30.4. Matokeo yalitoka 2015. Taiwan wana mpango wa skuli wa dakika 120 nje kila siku tangu 2010. Sababu kubwa inayotajwa ni mwanga. Ndani ya nyumba iliyowashwa taa vizuri mwanga ni sehemu ndogo tu ya ule wa nje, hata siku ya mawingu, na mwanga mkali unaifanya retina itoe dopamini, ambayo inalizuia jicho lisirefuke. Si lazima jua la utosi; kivuli cha mti kinatosha. Faida kubwa ni kwa mtoto ambaye bado hajaanza kuvaa miwani.

Nikakumbuka utoto wetu, tulivyokuwa tukitolewa nje asubuhi na kurudishwa na adhana ya magharibi. Mwanangu alikuwa anatoka skuli kwa gari, anaingia nyumbani, anashika tableti, anapelekwa chuo kwa gari, anarudi, analala. Desemba jua la Leicester linazama kabla ya saa kumi jioni. Kwa mahesabu yangu, alikuwa haupati mwanga wa nje hata nusu saa.

Tulibadilisha. Skuli sasa anakwenda kwa miguu, dakika 25, mvua ikinyesha anavaa koti. Mwalimu wake tulimwomba asimruhusu kubaki maktaba wakati wa mapumziko. Jumamosi tunakwenda Bradgate Park kutazama paa, na baba yake ambaye zamani alikuwa halitaki baridi hata kidogo sasa ndiye anayefunga chai kwenye chupa.

Chuoni tulikuwa na kazi ya adabu zaidi. Watoto wanakaa chini na msahafu mapajani, wanainama mpaka pua inakaribia kugusa herufi, saa nzima. Nilimwendea maalimu, nikamweleza, nikamwonesha ile picha ya chumba na ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata aliweka marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, mbele ya kila mtoto, na akawafundisha kipimo nilichofundishwa mimi: ngumi chini ya kidevu, kiwiko kwenye ukurasa, huo ndio umbali. Sasa kila baada ya kurasa chache anawaambia wainue vichwa watazame dirishani. Allah amlipe kheri.

Ndugu walioko nyumbani wananiuliza kama lenzi hizi watazipata. Kabla hamjazitafuta lenzi, tafuteni aliyesomea kupima macho. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanafundisha optometria, yaani elimu ya kupima macho, na Kenya chuo kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinatoa shahada yake. Mwombeni mtoto apimwe kwa matone. Mpeni namba kamili. Kuna imani, na mama yangu mzazi alikuwa nayo, kwamba mtoto akivaa miwani macho yatazoea na kuharibika, basi apewe namba pungufu au asivae kabisa. Malaysia walilijaribu hilo na wakachapisha matokeo 2002: watoto waliopewa namba pungufu walipanda haraka kuliko waliopewa namba kamili. Na kuhusu matone ya atropini, ni kweli yanatumika kupunguza kasi, na utafiti wa Hong Kong uitwao LAMP ulilinganisha asilimia 0.05, 0.025 na 0.01, ile ya 0.05 ikafanya vizuri zaidi. Lakini atropini ya kawaida ya kupanulia mboni ni ya asilimia 1, yaani nguvu yake ni mara 20 ya ile ya 0.05. Dada mmoja wa Dar alinipigia simu kuniambia ameshainunua na anataka kuichanganya na maji. Nilimsihi aiweke chini mpaka amwone daktari wa macho, na akaiweka.

Kama nitapewa nyota tano za kugawa, lenzi nazipa nne na nusu. Duka nalipa nne, ile moja wameipoteza kwa fremu ya kwanza, kwa wiki tatu za kusubiri na kwa miadi ya mchana. Ningerudi kwao? Nimeshawapelekea mtoto wa pili.

Idrisa ana miaka mitano. Alipimwa mwezi uliopita kwa matone yaleyale, akalia kidogo. Ana chanya 0.50. Kwa umri wake angetakiwa awe na akiba kubwa zaidi ya hapo upande wa chanya, maana jicho linapokua akiba hiyo ndiyo inayotumika kwanza. Hajawa na mayopia, lakini yuko mlangoni. Kwake hakuna miwani ya kununua kwa sasa, optometrista hakuniuzia kitu, aliandika tu ile karatasi ya saa mbili na tarehe ya kurudi. Skuli inafungwa saa tisa na robo. Wote wawili wanapita Spinney Hill Park, wanakimbia mpaka giza linapoanza, ndipo tunakwenda chuo. Miadi yao ni Aprili, siku moja, Nunu kwanza kisha Idrisa.